Fundi Bomba: Jinsi ya Kumchagua na Kupatana Naye

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo watu hawalifikiri sana mpaka siku linapoharibika, nalo ni kazi ya mabomba ya maji nyumbani, na fundi apasaye kukabidhiwa kazi hiyo.

Twajua kwamba wako watakaosema, "Maneno haya ni ya watu wa mjini, sisi wa shamba twateka maji kisimani." Lakini tazameni jinsi mambo yanavyokwenda. Katika vijiji vingi sasa yako matangi ya maji ya mvua yaliyounganishwa na mabati ya nyumba. Ziko pampu zinazovuta maji toka visimani. Iko mifereji katika viwanja vya shule na zahanati. Na kijana aliyefanya kazi mbali, akirudi kwao na akiba yake kujenga nyumba ya matofali, hutaka choo cha ndani na bafu. Basi hodi ya fundi bomba imekwisha kubishwa kijijini pia, na ni heri kujua mapema nani wa kumfungulia mlango.

Kwanza tukumbuke maji hayo yametoka wapi. Katika mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana Unguja. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata mwaka 1888, ndiye aliyeleta maji ya chemchemi mjini kutoka upande wa kaskazini, ili watu wasitegemee visima vya mjini peke yake. Hata leo watu wengi wa pwani huliita bomba la maji "mfereji". Huko Mombasa nako, maji ya chemchemi za Mzima, zilizomo katika nyika ya Tsavo, husafiri ndani ya bomba zaidi ya kilomita 200 kabla hayajafika mjini. Njiani yanalindwa na watu waliosomea kazi hiyo. Hupimwa, hutiwa dawa, na mabomba hukaguliwa. Lakini yakifika penye ukuta wa nyumba, zile mita kumi za mwisho, toka dira ya maji hata kikombe cha mtoto, huachiwa mwenye nyumba; naye pengine humpa kazi mtu yeyote apitaye na spana mkononi. Hapo ndipo taabu ya watu wengi mno wakati wa mwaka mzima inaweza kupotea bure.

Tena ubaya wa kazi mbovu hauishii katika nyumba moja. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa mmoja wa London, mji mkuu wa Uingereza, kikaua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow aliuliza nyumba kwa nyumba, akaona kwamba wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja iliyokuwa katika barabara iliyoitwa Broad Street. Baadaye walipochimba, walikuta kwamba shimo la uchafu la nyumba moja lilikuwa karibu sana na kile kisima, na kuta zake za matofali zilikuwa zimechakaa, hata maji machafu yakapenya udongoni. Katika nyumba hiyo alikuwamo mtoto mchanga aliyeugua, na maji yaliyofulia nguo zake yalimwagwa mumo humo. Ukuta mmoja mbovu wa shimo la nyumba moja, na mtaa mzima ukalia. Kwa hiyo yafaa shimo la maji machafu liwe mbali na kisima, kwa kawaida si chini ya mita 30, na lisikae upande wa juu wa mteremko. Fundi asiyeuliza kisima kiko wapi kabla ya kuchimba shimo, huyo si fundi wa kumtumaini.

Sasa tueleze mabaya yanayozaliwa na kazi isiyo ya ujuzi, moja moja, ili mwenye nyumba ajue anachokinunua anapomlipa fundi.

La kwanza ni kuvuja. Wengi hudharau tone. Lakini koki ikidondosha tone moja kila sekunde, kwa siku moja yatadondoka matone 86,400. Hata tukikadiria matone 4,000 kwa lita moja, hizo ni lita 21 na zaidi, yaani debe zima la maji linalomwagika kila siku bila mtu kunywa wala kunawa. Bandu bandu huisha gogo. Na hilo ni tone lionekanalo. Bomba likivuja ndani ya ukuta au chini ya sakafu, mwenye nyumba hulipa maji asiyoyaona, huku rangi yabambuka, lipu yaoza, na msingi walowa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii maneno hayo ni kweli kabisa.

La pili ni maradhi. Mahali ambapo maji hutoka kwa zamu, bomba hujaa leo na kuwa tupu kesho. Likijaa, maji husukuma kwenda nje. Likiwa tupu, huweza kuvuta ndani. Basi kama bomba lina ufa na limelazwa katika handaki moja na bomba la maji machafu, uchafu huingia katika maji ya kunywa, na nyumba nzima hushikwa na homa ya matumbo au kuhara bila kujua sababu. Fundi aliyefunzwa hutenganisha mabomba hayo mawili, na yakipishana, la maji safi hulipitisha juu.

La tatu ni njia ya maji machafu. Watu hudhani kwamba maji yataondoka vyovyote bomba likielekezwa chini. Sivyo. Bomba la choo la inchi nne huwekewa mwinamo wa kiasi. Mafundi hufundishwa kuwa sentimita mbili na nusu hivi kwa kila mita moja yatosha. Mwinamo ukipungua sana, uchafu hulala njiani na kuziba. Tena chini ya kila sinki na katika kila choo iko sehemu ya bomba iliyopinda mfano wa shingo ya bata. Mpindo ule si wa mapambo. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo mlango unaozuia harufu mbaya na wadudu wa shimoni wasipande nyumbani. Mtu asiyejua kazi huuondoa mpindo ili apunguze gharama, au husahau bomba la kupumulia linalotoka juu ya paa, na maji ya mpindo hunyonywa kila choo kinapomwagwa. Hapo mwenye nyumba hufukiza udi na ubani mchana kutwa, na harufu haiondoki.

La nne ni tangi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo tangi la lita 1,000 likijaa huwa na uzito wa tani moja, bila kuhesabu tangi lenyewe. Ni kama kupandisha juu ya dari magunia kumi ya mahindi, na kuyaacha huko miaka ishirini. Nguzo zisipopimwa, siku moja tangi huanguka, na aliye chini yake haponi. Tena nguvu ya maji hutoka katika urefu: maji yaliyo juu mita 10 husukuma kwa nguvu ya kilo moja hivi juu ya kila sentimita moja ya mraba. Ndiyo maana tangi lililowekwa mita mbili tu juu ya bafu hutoa maji kwa kujivuta. Fundi hodari hukuambia hayo kabla hujanunua bomba la mvua la bei kubwa, si baada yake.

La tano ni maji ya moto. Chombo cha umeme cha kupasha maji kisipofungwa waya wa kuingia ardhini kama ipasavyo, huweza kumwua mtu aliyesimama bafuni na mwili uliolowa. Kazi ya waya ni ya fundi umeme mwenye kibali, si ya fundi bomba, na fundi bomba mwaminifu atakuambia hivyo. Kadhalika tangi la maji ya moto lina vali ya usalama ya kutoa nguvu inapozidi. Mtu yeyote akikwambia kwamba vali hiyo yapoteza maji bure na yafaa izibwe, mwambie aondoke nyumbani kwako.

Basi, tutamjuaje fundi wa kweli? Zipo njia nne, na moja peke yake haitoshi.

Njia ya kwanza ni cheti. Katika Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo hufundisha na kupima mafundi wa mabomba. Katika Kenya, mamlaka iitwayo NITA hupima mafundi kwa mitihani ya daraja. Hapa pana jambo la kuangalia sana, kwa maana limewadanganya watu wengi. Katika mitihani ya daraja, daraja la tatu ndilo la chini, na daraja la kwanza ndilo la juu kabisa. Lakini katika vyeti vya ngazi vya VETA, hesabu hugeuka: ngazi ya kwanza ndiyo ya mwanzo, na ngazi ya tatu ndiyo ya juu. Kwa hiyo usitazame tarakimu tu. Soma kama imeandikwa daraja au ngazi. Kisha tazama jina lililomo katika cheti, na jina la mtu aliyesimama mbele yako, uone kama ni moja.

Na kwa nini tunasema cheti peke yake hakitoshi? Mwaka 2015 katika mji wa Hong Kong iligunduliwa risasi katika maji ya kunywa ya nyumba mpya za serikali. Risasi tunayosema ni ile madini laini na nzito, ambayo ikiingia mwilini hudhuru hasa akili za watoto wadogo. Mitaa 11 ya nyumba hizo ilionekana ina maji hayo. Tume iliyochunguza ilieleza mwaka 2016 kwamba risasi ilitoka katika solda iliyounganishia mabomba, ambayo haikuruhusiwa kwa maji ya kunywa. Mafundi wenye leseni walikuwapo katika karatasi, na sahihi zao zilikuwapo. Lakini kazi haikusimamiwa nao ipasavyo, na mikono iliyounganisha mabomba ilikuwa ya wengine. Basi ukimwajiri fundi kwa sababu ya cheti chake, agana naye kwamba yeye mwenyewe atakuwapo kazini, wala si kumtuma kijana wake na kuja siku ya kupokea fedha.

Njia ya pili ni kazi zake za zamani. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kila fundi atajisifu. Mwombe akupeleke katika nyumba mbili au tatu alizofanya, na moja iwe ya mwaka mmoja uliopita au zaidi, maana kila kazi huonekana njema juma la kwanza. Ukifika, piga hodi, salimu, kisha umwulize bibi wa nyumba, kwa kuwa yeye ndiye ashindaye na sinki na bafu kila siku. Uliza, "Maji yalipovuja, fundi alirudi?" Hilo ni swali moja lenye faida kuliko maswali kumi juu ya bei.

Njia ya tatu ni vyombo vyake. Fundi aliye tayari ana kipimio cha urefu, pima maji ya kuonyesha mwinamo, spana za bomba, msumeno wa chuma, chombo cha kukatia meno ya bomba, na pampu ndogo ya kujaribia mabomba. Kama atumia yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, awe na pasi yake maalumu, ambayo hupashwa hata kufikia digrii 260 hivi. Moto ukiwa mdogo, maungio hayashikani. Ukizidi, plastiki huyeyuka ndani na kuziba njia ya maji. Anayeunganisha mabomba hayo kwa moto wa mkaa au wa mshumaa anabahatisha kwa fedha zako.

Njia ya nne ni maswali anayouliza. Tuseme yuko mzee aliyemaliza kujenga nyumba ya vyumba vitatu, naye ataka kuingiza maji. Wamemjia mafundi wawili. Wa kwanza aliitupia nyumba jicho moja, akasema, "Mzee wangu, hii kazi ndogo. Nipe fedha leo, keshokutwa utaoga." Wa pili aliamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibiwa, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaanza, "Mzee, maji ya hapa hutoka kila siku au kwa zamu? Mko watu wangapi nyumbani? Kisima kiko wapi, na shimo la choo mwataka kulichimba wapi? Tangi litakaa juu ya nini? Je, mwakusudia kuongeza chumba baadaye?" Mzee angeweza kuona kwamba huyu wa pili amchosha bure. Lakini maswali yale ndiyo ujuzi wenyewe. Kama vile mganga asiyeuliza mgonjwa aumwa wapi atatoa dawa ya kubahatisha, ndivyo alivyo fundi asiyeuliza.

Twapenda kuongeza neno moja la haki. Wako mafundi wengi waliojifunza kwa kumfuata mjomba au jirani, hawakuingia chuoni, na kazi yao ni safi. Hatuwadharau. Lakini siku hizi fundi wa namna hiyo aweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti bila kurudi shuleni miaka mingi. Katika Tanzania jambo hilo huitwa kurasimisha ujuzi. Ikiwa katika kijiji chenu yuko fundi hodari asiye na cheti, mshaurini aende akapimwe. Itamfaa yeye, na itawafaa ninyi.

Sasa tuje katika mapatano. Mapatano ya mdomo ni mazuri mpaka siku ya ugomvi. Chukua karatasi, na muandike mambo haya: kazi itakayofanywa, chumba kwa chumba, orodha ya vifaa, pamoja na ukubwa wa kila bomba, bei ya vifaa na ujira wa fundi, kila kimoja peke yake, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na muda ambao fundi atarudi kutengeneza bila malipo pakitokea kuvuja. Nyote wawili mtie sahihi mbele ya shahidi. Fundi mwema hachukii karatasi, kwa maana inamlinda naye.

Juu ya malipo, usitoe fedha zote mwanzoni, wala usimnyime fundi fedha zote mpaka mwisho, kwa kuwa naye ana watoto. Njia mojawapo nzuri ni kuugawa ujira mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipwe kazi inapoanza. La pili, mabomba yakiisha kulazwa na kujaribiwa. Na la tatu, baada ya maji kutumika juma zima bila kuvuja. Vifaa nendeni mkavinunue pamoja, na stakabadhi iandikwe kwa jina lako. Tazama maandishi yaliyopigwa juu ya bomba lenyewe: ukubwa wake, nguvu linayoweza kustahimili, na alama ya shirika la viwango. Liko bomba jembamba la plastiki lililofanywa kwa ajili ya maji machafu tu. Bei yake ni ndogo, na linafanana na lile jingine machoni pa asiyejua. Likitiwa maji yenye nguvu hupasuka, aghalabu usiku.

Kazi ikianza, yako mambo mawili ambayo mwenye nyumba asikubali yapite bila kuyaona kwa macho yake. La kwanza ni jaribio. Kabla mabomba hayajafunikwa kwa lipu au zege, fundi ayajaze maji, azibe ncha zote, kisha ayasukume kwa pampu mpaka nguvu izidi ile ya kila siku kwa nusu yake. Mshale wa kipimo utaonyesha. Mkae, mnywe chai, mrudi baadaye. Mshale ukiwa umeshuka, pahali fulani panavuja, na ni rahisi kupatafuta sasa kuliko baada ya ukuta kupakwa rangi. Bomba la maji machafu nalo lizibwe chini, lijazwe maji, na litazamwe. Fundi akisema, "Hapana haja, mzee, mimi ni mzoefu," mjibu kwa upole, "Mwanangu, uzoefu wako nauamini, mshale nao nataka kuuona."

La pili ni picha. Karibu kila nyumba sasa ina mtu mwenye simu ya mkononi. Ipigwe picha kila ukuta na kila handaki kabla ya kufunikwa, pamoja na kamba ya kupimia ikionekana. Miaka mitano baadaye, mtu akitaka kupigilia msumari wa kutundika saa, atajua bomba limepita wapi. Tena umwambie fundi akuonyeshe, wewe na watu wote wa nyumbani, koki kuu ya kufunga maji ya nyumba nzima. Mtoto wa miaka kumi aijue. Bomba likipasuka wewe uko shambani, yeye ndiye atakayeokoa nyumba.

Pana mpaka mmoja wa kuushika. Kwa kawaida bomba lililo kabla ya dira ya maji ni mali ya mamlaka ya maji, na lililo baada ya dira ni lako. Fundi wako asiguse lile la kwanza. Anayejiunganishia maji kwa siri huvunja sheria, na akikamatwa, mwenye nyumba hukamatwa naye. Tena maungio ya siri, yaliyofanywa usiku kwa haraka, ndiyo mara nyingi yanayoingiza uchafu katika maji ya mtaa mzima.

Si kila kazi yahitaji fundi. Mwenye nyumba, mume kwa mke, aweza kubadili ule mpira mdogo ulio ndani ya koki, akiisha kufunga koki kuu. Aweza kufungua mpindo wa chini ya sinki, akiweka ndoo chini yake, na kuondoa taka. Aweza kujua kama pana kuvuja kusikoonekana: usiku, kila mtu akiisha kulala, funga koki zote, soma tarakimu za dira na uziandike, asubuhi, kabla mtu hajanawa, zisome tena. Zikiwa zimesogea, maji yanapotea. Na katika choo cha kuvuta, tia rangi kidogo ya chakula ndani ya tangi lake, ungoje bila kuvuta; rangi ikionekana bakulini, mpira wa ndani umechoka. Wala usimwage mafuta ya kupikia, majivu au mchanga katika sinki, kisha ukamlaumu fundi kwamba bomba limeziba.

Tukiwa katika neno la lawama, na tuseme kweli yote. Mara nyingi kazi mbovu haianzi kwa fundi. Huanza kwa mwenye nyumba. Yeye ndiye asemaye, "Weka bomba dogo, fedha zimekwisha." Yeye ndiye abadiliye mahali pa choo baada ya mabomba kulazwa. Yeye ndiye achaguaye bei ya chini, kisha hucheleweshea fundi ujira wake hata miezi miwili, na fundi hodari akisikia habari zake humkimbia, akabaki yule asiye na kazi kwingine. Anayetaka fundi mwema, naye na awe mwajiri mwema.

Nanyi wanafunzi, twawaachia neno lenu. Wengi hudhani kwamba kazi ya mabomba ni ya mtu aliyeshindwa masomo. Tazameni tena yale tuliyoyataja leo: mwinamo wa sentimita kwa mita, uzito wa tani, nguvu ya maji kwa urefu, digrii za moto, matone ya siku nzima. Hiyo ni hesabu na fizikia, ile ile mnayoandika madaftarini. Daktari huponya mtu mmoja mmoja aliyekwisha kuugua. Fundi bomba aliyefanya kazi yake vema huzuia nyumba nzima isiugue, wala hakuna anayemshukuru, maana hakuna aliyeona ugonjwa ambao haukuja.

Kwa ufupi basi, wasikilizaji wetu: uliza cheti, na uone kama mwenye cheti ndiye afanyaye kazi, tazama kazi zake za mwaka uliopita, sikiliza maswali yake, andika mapatano, lipa kwa mafungu, jaribu mabomba kabla ya kufunika, na kila mtu wa nyumbani ajue koki kuu ilipo. Mambo hayo saba hayagharimu fedha nyingi. Yahitaji subira tu ya siku mbili tatu, kabla ya kuanza kazi ambayo watoto wenu wataitumia miaka mingi.